Mikanda mitatu na tenshena ya Nairobi: uchambuzi wa kisa cha Hiace moja ya Arusha

Gari na kazi yake

Gari la kisa hiki ni Hiace ya dizeli, D-4D ya lita 3.0, iliyoingia nchini ikiwa imeshatumika Japani. Kazi yake ni kubeba abiria wa kukodi kati ya Arusha, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro na Moshi. Matatizo yalipoanza ilikuwa imepita kilomita 280,000. Majina ya mwenye gari, dereva, mafundi na maduka yameondolewa, na maelezo machache ya safari yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Mambo ya kiufundi yameachwa kama yalivyokuwa.

Mkanda unaozungumziwa ni ule wa nje, wa mistari saba (matuta ya mpira yanayoingia kwenye mifereji ya puli), unaochukua mzunguko kwenye puli ya krenki, shafti kuu ya injini, na kuupeleka kwenye altaneta inayochaji betri, pampu ya maji na feni yake, na kompresa ya AC. Si mkanda wa taiming, ambao umefichwa ndani ya kava lake na una ratiba yake ya kubadilishwa. Mkanda wa nje ukikatika injini haizimi. Inaendelea kunguruma vizuri tu huku maji yamesimama na feni haizunguki, na dereva asiyeangalia dashibodi anaweza kwenda nayo hivyo hivyo mpaka hedi, yaani kichwa cha injini, ipinde.

Halafu kuna suala la mahali injini ilipo. Kwenye pikapu fundi hufungua boneti na kuuona mkanda wote. Kwenye Hiace injini imelala chini ya viti vya mbele, kwa hiyo kuutazama mkanda ukiwa kazini kunataka kiti kinyanyuliwe, kava lifunguliwe na tochi iingizwe, au mtu alale chini ya gari. Katika kisa hiki mkanda ulibadilishwa mara mbili injini ikiwa imezimwa, na hakuna aliyesimama kuutazama ukizunguka. Gharama nyingi zilizofuata zilianzia hapo.

Mlio wa asubuhi

Kwanza ulikuja mlio wa sekunde chache gari linapowashwa asubuhi, unaozidi taa na AC zikiwashwa. Dereva akapaka sabuni ya mche upande wa mistari. Mlio ukakata, na baada ya siku chache ukarudi mkubwa zaidi. Sabuni hunyamazisha mkanda kwa muda mfupi, lakini hujaza mifereji ya puli, na ikichanganyika na vumbi inakuwa kama msasa.

Gereji ya mtaani ikautoa mkanda wa zamani. Haukuwa na nyufa, na fundi akashangaa kwamba mkanda "mzima" unalia. Hapa kuna kosa la kawaida la watu waliojifunza kazi enzi za mikanda ya zamani. Ile ilikuwa ya mpira uliokuwa ukipasuka ukizeeka, kwa hiyo nyufa zilikuwa dalili ya kutosha. Mikanda ya siku hizi ni ya mpira wa EPDM, ambao hupasuka kwa nadra lakini huisha kidogo kidogo kama tairi. Mistari inakonda, mifereji inapanuka, na mwisho mkanda unakaa chini kabisa kwenye puli badala ya kubana pembeni mwa mistari. Hapo unateleza hata kama kwa macho unaonekana mpya. Njia rahisi ya kupima bila kifaa maalumu ni kuubonyeza mkanda mpya wa aina ile ile juu ya wa zamani, mistari kwa mistari. Ukicheza kushoto na kulia, wa zamani umekwisha.

Mkanda wa kwanza kununuliwa ulitoka duka la karibu, kwa bei iliyo chini ya nusu ya ile ya mkanda wenye jina. Ulifungwa, mlio ukaisha, gari likarudi kazini. Baada ya kilomita kama 4,000 ukingo wake mmoja ulikuwa umetoa nyuzi na mstari mmoja umechanika. Mkanda unaoliwa ukingo mmoja tu unasema kitu kimoja: puli hazijanyooka. Mkanda mbovu, hata uwe feki, kwa kawaida hauliwi ukingo mmoja tu.

Tenshena inaagizwa Nairobi

"Fundi, mbona tunabadilisha kila mara?" mwenye gari aliuliza. Fundi akamjibu, "Mama, safari hii ni tenshena," yaani ule mkono wenye springi na puli unaoukaza mkanda, na hakuwa amekosea kabisa. Puli ya tenshena ilikuwa ikicheza, na puli ya kupitishia mkanda ilikuwa na beringi inayokwaruza. Alichoona kilikuwa kweli. Hakujiuliza tu nini kimeichosha tenshena.

Kwa puli ya kupitishia aliamua kubadilisha beringi peke yake, ile 6203 inayopatikana kila duka, kipenyo cha ndani milimita 17, cha nje 40, unene 12. Vipimo ni sahihi, na wengi hufanya hivyo. Lakini tupige hesabu. Puli ya krenki ikiwa na kipenyo cha milimita 160 na ya kupitishia 70, ya kupitishia huzunguka zaidi ya mara mbili ya krenki: injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, beringi ile iko karibu na 6,900, kwenye joto la injini, huku mkanda ukiivuta upande mmoja muda wote. Beringi inayofaa hapo ni yenye nafasi ya ndani ya C3 (kubwa kidogo kuliko ya kawaida), kava za mpira pande zote mbili na grisi ya joto kali. Ya bei ya chini, yenye kava za bati na grisi ya kawaida, hukauka mapema. Juu ya hapo iliingizwa kwa nyundo. Pigo linalotua kwenye ringi ya ndani wakati beringi inabanwa kwa nje linapita kwenye gololi na kuacha vidonda kwenye njia yake, na beringi inaanza kazi ikiwa tayari imeumia.

Tenshena yenyewe iliagizwa Nairobi. Bei ya Arusha ilionekana kubwa, duka lililozoeleka la Dar es Salaam halikuwa nayo, na mtu mmoja wa Nairobi alitaja bei pungufu kwa karibu theluthi. Alichotumiwa ni picha moja ya tenshena iliyojaa matope, iliyopigwa kutoka juu, na maneno matano: "Nataka tenshena ya Hiace D4D." Pesa ilikwenda kwa simu, mzigo ukapewa dereva wa shato, basi dogo la abiria linalokuja Arusha.

Mpakani Namanga mzigo ulikwama. Haukuwa na ankara wala risiti, dereva wa shato hakujua thamani yake, na abiria walikuwa wakisubiri. Ukaachwa, na siku iliyofuata mwenye gari akalazimika kumtafuta agenti wa forodha autoe. Ushuru, VAT, ada ya agenti na siku ya kazi iliyopotea vilikula nafuu yote, na zaidi.

Ilipofika, matundu ya boliti yalilingana na mkono ulifanana na wa zamani. Ila puli ilikaa ndani zaidi kwa karibu milimita 4. Kuirudisha kungemaanisha safari nyingine ya mpakani na mabishano na muuzaji aliyetumiwa picha tu, kwa hiyo fundi akaweka washa, zile pete bapa za chuma za boliti, nyuma ya tenshena ili kuisogeza nje. Washa hazikuwa na unene mmoja. Tenshena ikainama kidogo, mkanda wa pili ukafungwa juu yake, na gari likaruhusiwa kuondoka.

Kikatiti

Mkanda huo haukufikisha kilomita 1,500. Ulikatika gari likitoka uwanja wa ndege kwenda Arusha, karibu na Kikatiti. Taa ya betri ikawaka.

Dereva akapaki pale pale na kuzima injini, mshale wa joto ukiwa ndiyo kwanza umeanza kupanda. Wapo madereva wengi ambao wangesema ni betri tu, tufike Usa River kwanza. Taa hiyo ikiwa imewashwa na mkanda wa nje uliokatika, hata kilomita mbili ni nyingi. Abiria wakahamishiwa gari jingine na Hiace ikavutwa mpaka gereji. Hakuna kilichoharibika zaidi ya mkanda, na katika kisa chote huo ndio uamuzi uliookoa pesa nyingi kuliko mingine yote ikijumlishwa.

Uchunguzi

Fundi umeme aliyeitwa kuangalia chaji ndiye aliyetaka mkanda uonekane ukizunguka. Ule wa kwanza, wenye ukingo ulioliwa, ulikuwa bado umetupwa chini ya kiti. Ukafungwa kwa ajili ya kupima tu, kiti kikanyanyuliwa, injini ikawashwa.

Kipimo cha kwanza kilikuwa maji. Chupa ndogo ya kunyunyizia, maji kidogo upande wa mistari, injini ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, mikono na nguo mbali na feni. Mlio mfupi mfupi kama wa ndege ukinyamaza kwa sekunde chache kisha ukarudi, puli hazijanyooka. Mlio mrefu ukizidi baada ya maji, mkanda unateleza, na hapo tatizo ni mkazo. Gari hili lilitoa majibu yote mawili: mlio mfupi ulinyamaza na kurudi, na taa, feni ya ndani na AC zilipowashwa pamoja ukaja mlio mrefu ambao maji yaliuzidisha.

Kipimo cha pili kilikuwa macho. Mkono wa tenshena nzima hutetemeka kidogo tu injini ikiwa sailensa. Huu ulikuwa ukiruka mbele na nyuma kiasi cha kuonekana bila kutafuta, na injini ilipozimwa ulipiga teke moja la mwisho huku mkanda ukitoa sauti. Teke hilo la kuzima linaelekeza kwenye altaneta moja kwa moja.

Rula ya chuma iliyonyooka ikawekwa kwenye uso wa puli ya krenki na kufikishwa kwenye tenshena. Ilionyesha kwamba puli haikuwa pembeni tu, ilikuwa pia imeinama. Digrii moja inatosha kuua mkanda wa mistari, na kwenye umbali wa milimita 300 digrii moja ni milimita 5 na kidogo. Ndiyo maana kupima kwa kukadiria hakufai.

Mwishowe mkanda ukatolewa na altaneta ikajaribiwa. Altaneta ya injini hii haina puli ya kawaida. Ina puli ya klachi, yenye utaratibu wa ndani unaoshika upande mmoja na kuachia upande wa pili. Fundi alilizuia feni la ndani ya altaneta kwa bisibisi iliyopita kwenye matundu ya nyuma, kwa uangalifu asiguse waya, kisha akaizungusha puli kwa mkono. Inatakiwa ishike upande wa kuzungukia na iteleze bure upande mwingine. Hii ilishika pande zote mbili. Kikofia chake cha plastiki cha mbele hakikuwepo, na ndani mlikuwa na vumbi jekundu lililoganda na grisi iliyokauka.

Hapo ndipo kisa kilipofunguka, kwa sababu puli hiyo ina kazi ambayo watu wengi hawaijui. Injini ya silinda nne hupata mlipuko mara mbili kwa kila mzunguko wa krenki. Kwenye sailensa ya mizunguko 700 hiyo ni mishtuko 1,400 kwa dakika, karibu 23 kila sekunde, na mishtuko ya dizeli ni mikali. Kila mlipuko unaikimbiza krenki, halafu inapungua kidogo kabla ya unaofuata. Mkanda unafuata mwendo huo. Rota ya altaneta ni nzito na inazunguka mara mbili na nusu ya krenki au zaidi, hivyo haiwezi kupunguza kasi mara 23 kwa sekunde. Puli ya klachi ikiwa nzima, krenki inapopungua rota huendelea kuteleza bure. Ikiganda, rota inauvuta mkanda kwa uzito wake wote. Upande mmoja wa mkanda unalegea, tenshena inaruka kuuchukua ulegevu, na papo hapo inarudishwa. Springi na bushi za tenshena hazikutengenezwa kwa kazi hiyo, na zinachoka. Tenshena ikichoka inainama, ikiinama inapindisha mkanda, na mkanda ndio unaokatika na kuonekana.

Kununua mara ya pili

Safari hii orodha iliandikwa kabla ya simu kupigwa: mkanda mmoja, tenshena kamili, puli ya kupitishia kamili na beringi yake, na puli ya klachi ya altaneta pamoja na kikofia chake. Namba zilitafutwa kwanza, kwa kutumia namba ya chesisi kwenye katalogi ya soko la Japani. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya Japani na lile lililouzwa jipya Afrika Mashariki au Ghuba yanaweza kuwa na jina moja na injini moja, lakini yana katalogi tofauti, na mabano ya tenshena na altaneta ni mahali ambapo tofauti hizo hujificha. Muuzaji wa Nairobi hakudanganya. Alipeleka tenshena ya Hiace D4D, kama alivyoombwa.

Namba ya Toyota ina alama kumi. Tano za mbele zinasema ni kitu gani, tano za nyuma ni toleo lipi: 16620 ni tenshena ya mkanda wa nje, 16603 puli ya kupitishia, 27415 puli ya klachi ya altaneta. Mtu akikutajia namba inayoanza vingine, muulize anauza nini. Zikilingana tano za mbele na kutofautiana za nyuma, inaweza kuwa toleo jipya lililochukua nafasi ya zamani, au inaweza kuwa ile milimita 4. Katalogi husema namba ipi imechukua nafasi ya ipi. Muuzaji aseme hivyo kwa maandishi kabla ya kulipwa.

Mkanda unasomeka wenyewe mgongoni. Katika 7PK na tarakimu zinazofuata, 7 ni idadi ya mistari, PK ni umbo lenye nafasi ya milimita 3.56 kutoka mstari hadi mstari, na tarakimu za mwisho ni urefu kwa milimita. Urefu ukizidi kwa milimita 20 tenshena inafanya kazi ukingoni mwa uwezo wake tangu siku ya kwanza. Tenshena nyingi zina alama kwenye mkono na kwenye mwili, na mkanda wa urefu sahihi unaiweka alama ya mkono ndani ya mipaka. Duka halina haja ya kuambiwa "mkanda wa Hiace". Liambiwe mistari na urefu.

Mkanda na puli ya kupitishia vilinunuliwa Arusha, ingawa Nairobi ilikuwa na bei pungufu. Mkanda ndicho kipuri chenye feki nyingi, na faida ya duka la karibu ni kwamba unaushika kabla ya kulipa na kuurudisha ukiwa na risiti. Tenshena na puli ya klachi hazikuwepo Arusha kwa namba zile, na Dar ilipatikana tenshena peke yake. Kutoka Kariakoo mzigo hupanda basi la usiku na hauvuki mpaka wowote, kwa hiyo tenshena ikatoka Dar. Ikabaki puli ya klachi, na hiyo ikatoka Nairobi.

Kuhusu mpaka, dhana iliyomgharimu mwenye gari mara ya kwanza ni ya watu wengi: kwamba kwa kuwa Kenya na Tanzania ziko kwenye Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki tangu mwaka 2005, kitu kilichonunuliwa Nairobi kinaingia bure. Kinachoingia bila ushuru ni bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya na yenye cheti cha uasili. Hata ule utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ni wa bidhaa za Jumuiya zilizo kwenye orodha. Puli iliyotengenezwa Japani na kuuzwa Kirinyaga Road, mtaa wa spea wa Nairobi, haijawa ya Kenya kwa kukaa rafuni kule. Inatozwa kama bidhaa ya kutoka nje.

Na kuna VAT mara mbili. Bei ya dukani Nairobi tayari ina VAT ya Kenya, asilimia 16. Bidhaa inayouzwa nje ya Kenya hutozwa VAT sifuri pale muuzaji anapoisafirisha rasmi, lakini anayelipa kaunta na kuondoka na mfuko haipati nafuu hiyo. Akifika upande wa pili anadaiwa ya Tanzania, asilimia 18, inayopigwa juu ya thamani pamoja na ushuru. Kwa kipuri kimoja kidogo, bei ya Nairobi inatakiwa kuwa chini sana ya ya Arusha ndipo safari iwe na maana. Safari hii ilikuwa na maana kwa sababu Arusha haikuwa na bei yoyote, kipuri hakikuwepo.

Puli ilikuja na ankara yenye namba ya kipuri, idadi, bei na jina la mnunuzi, na risiti ya kodi ya Kenya. Agenti wa Namanga alitumiwa nakala siku moja kabla. Kituo cha mpakani ni cha pamoja, maofisa wa nchi zote mbili wako jengo moja, na mzigo wenye karatasi zake ulipita siku ile ile. Wa Moshi wenye haraka wana mpaka wa Holili, kilomita zisizofika 40 kutoka mjini, lakini Taveta, mji wa upande wa Kenya, si mji wa spea. Njia ile inafaa zaidi kwa mzigo unaotoka Mombasa kupitia Voi.

Kulikuwa na ushauri mwingine mezani, nao unastahili kutajwa kwa sababu husikika gereji nyingi: toa puli ya klachi, weka puli ngumu ya kawaida, haitaganda tena. Kweli haitaganda. Puli ngumu na puli ya klachi iliyoganda ni kitu kimoja. Ushauri ulikataliwa.

Kufunga

Waya wa hasi wa betri ulitolewa kwanza, kwa kuwa soketi ikigusa nguzo ya altaneta kuna moto. Njia ya mkanda ikachorwa kwenye karatasi. Puli ya klachi ilifunguliwa altaneta ikiwa mezani, kwa soketi yake maalumu ya meno 33 inayoshika ganda la puli huku biti ya kati ikizuia shafti. Kuibana kwa bunduki ya upepo kunaharibu meno ya ndani, kwa hiyo ilikazwa kwa spana ya kipimo, karibu Nm 80. Kikofia kikapachikwa. Kwa barabara za vumbi kikofia hicho ndicho kinachoamua umri wa puli, na kikitolewa hakirudishwi, kinawekwa kipya.

Washa zote zikatolewa. Uso wa injini unakokaa tenshena ukakwanguliwa kutu na matope, kwa sababu uchafu chini ya mguu mmoja unafanya kazi ile ile ya washa. Mifereji ya puli zote ikasuguliwa kwa brashi ngumu mpaka sabuni ya zamani ikatoka. Pampu ya maji ikashikwa na kutikiswa, haikuwa na mchezo wala dalili ya kuvuja, ikaachwa. Rula ikarudi kwenye puli, na safari hii zote zilikaa mstari mmoja.

Wakati wa kuvisha mkanda, mkono wa tenshena ulivutwa kwa spana ndefu na kurudishwa polepole. Kuuachia ukajipiga wenyewe kunaweza kuharibu tenshena mpya kabla haijafanya kazi. Kabla ya kuwasha, kidole kilipitishwa kwenye kila puli kuhakikisha hakuna mstari uliokaa nje ya mfereji, hasa puli za chini zisizoonekana, kisha injini ikazungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili. Mkanda uliokaa mfereji mmoja pembeni hujichana dakika za kwanza, na fundi hulaumu duka.

Matokeo

Mlio uliisha, hata taa na AC zikiwaka pamoja. Mkono wa tenshena ulitulia. Kiti kilinyanyuliwa tena baada ya kilomita 1,000 na baada ya 10,000: kingo za mkanda zilikuwa safi, alama ya tenshena katikati, na puli ya klachi ilipojaribiwa bado iliteleza upande wake. Kwa pesa, seti nzima ya mara ya pili, ushuru ukiwemo, ilikuwa kubwa kuliko kila ununuzi wa awali ukiutazama peke yake, lakini pungufu kuliko ile ya awali ikijumlishwa pamoja na siku gari liliposimama.

Wapi palifaa, wapi paliharibika

Fundi wa kwanza anaweza kulaumiwa kirahisi, na si haki sana. Aliona tenshena imechoka na akasema ibadilishwe; mafundi wengi wangeishia kwenye mkanda. Alipokosea ni pawili. Hakuuona mkanda ukiwa kazini, na kipuri kisichokaa vizuri alikikubali na kukitafutia washa. Kama tenshena ile ingerudishwa mezani siku ileile, rula ingemwambia mwenye gari kwamba pesa ya Nairobi imepotea, na jambo lingeishia hapo bila Kikatiti.

Nafuu ya theluthi ilikuwa ya kweli pale ilipotajwa. Iliharibika kwa kuwa haikuhesabiwa hadi Arusha, na kwa kuwa kipuri kiliagizwa kwa jina la gari. Duka la mtaa wa pili kosa la namna hiyo ni la nusu saa. Ng'ambo ya Namanga, ni kosa ambalo watu huamua kuishi nalo kwa kuweka washa.

Sabuni ilichelewesha kila kitu kwa wiki kadhaa. Ingawa haikuvunja chochote peke yake, ilinyamazisha dalili pekee iliyokuwepo wakati puli ya klachi peke yake ndiyo ilikuwa mbovu, kabla haijaila tenshena. Kuhusu mkanda wa bei ndogo, hukumu iwe ndogo pia: hata mkanda bora usingedumu kwenye tenshena iliyoinama. Ungekufa kwa bei kubwa zaidi.

Kimoja hakijafungwa. Puli ya krenki ina raba kati ya kitovu na ringi ya nje, inayopunguza mtikisiko, na raba hiyo imefanya kazi miezi kadhaa na altaneta iliyoganda. Ringi ikianza kuteleza juu ya raba, mkanda utaanza kuliwa upya na kila kitu kingine kitaonekana kizima. Mstari wa rangi nyeupe umechorwa kutoka kwenye kitovu hadi ukingoni. Kila sevisi utatazamwa: ukikatika katikati, puli inaagizwa, na namba yake imeshaandikwa kwenye daftari la gari chini ya zile nyingine.